Tao la Kufunguliwa kwa Spana

Lubumbashi, mwisho wa Julai.

Mijakaranda ya Lubumbashi haina cha kumwonyesha mgeni mwezi huu. Zambarau yake inasubiri Septemba na Oktoba. Anayetaka maua sasa, katikati ya kiangazi, ainue macho juu ya kuta za watu. Huko bugenvilia zimekolea nyekundu na waridi, na kando yake kuna mmea mwingine unaotambaa, wenye maua ya chungwa marefu na membamba, umefunika paa zima la gereji pasionekane bati. Wataalamu huuita Pyrostegia venusta. Asili yake ni Amerika ya Kusini, sawa na bugenvilia, nao umeipenda baridi kavu ya nyanda hizi kuliko joto la pwani yetu. Mombasa mmea huu nimeuona ukitoa majani mengi na maua ya kuhesabika. Hapa ni maua, majani huyaoni.

Nimekuja huku na kazi. Mama mmoja wa Kolwezi, mwalimu mstaafu ambaye ukoo wake na wetu umeunganishwa na ndoa, anataka tao la maua kati ya lango na baraza yake. Ameniomba nimchagulie tao na mmea wa kulipanda, kwa kuwa anajua nimeishi na bustani. Basi tangu niteremke uwanja wa ndege wa Luano natazama malango. Nasimama barabarani hadi walinzi wanauliza shida yangu ni nini, na nikiwaambia natazama maua wananifungulia.

Mji huu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, na nyumba za zamani za wakuu wa kampuni bado zina vipenu vya bustani vilivyojengwa kwa zege: nguzo nne au sita, mihimili juu, na bugenvilia yenye shina nene kuliko paja la mtu mzima. Vimejengwa na watu waliodhani wataishi hapa milele. Zege halijali uzito, halijali mchwa, na kivuli chake mchana ni kivuli kweli. Ila ukishalimimina, limemiminwa. Nililiandika hilo bila kujua kwamba ndilo litakaloamua mambo Kolwezi.

Matao ya mbao ni habari nyingine. Karibu yote niliyoyaona ni ya nguzo za mkaratusi, na karibu yote yana mguu mmoja uliokwisha. Mchwa wa nyanda hizi za Katanga huanzia ndani: ganda la nje linabaki zima, ukigonga linalia tupu, na siku ya upepo tao linalala chini pamoja na mmea wake. Sisi pwani tuna boriti za mikoko, ambazo mchwa huzikwepa, na adui yetu ni chumvi. Chuma kilichosimama mita mia mbili kutoka baharini hubabuka kutu kabla bugenvilia haijafika juu. Huku mambo yamegeuka: hewa ni kavu nusu ya mwaka, bahari iko mbali sana, na chuma kilichopakwa rangi vizuri hudumu. Kwa hiyo ushauri ambao ningempa jirani yangu wa pwani, kwamba atumie boriti, hauna maana hapa, na chuma ambacho ningemkataza ndicho kinachofaa.

Kuna jambo la udongo pia, na Lubumbashi inalionyesha waziwazi. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi 1911. Pepo za kiangazi hapa hutoka kusini-mashariki, na kwa miongo mingi zilibeba moshi na vumbi la dohani kwenda kaskazini-magharibi. Upande huo, mtaa wa Penga Penga, kuna ardhi ambayo hadi leo ina vipara. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuifunika tena kwa kuchanganya chokaa na mboji ndani ya udongo, kisha kupanda nyasi fupi ya asili, Microchloa kunthii, inayovumilia shaba. Chokaa hupunguza uchachu wa udongo, na uchachu ukipungua shaba haiyeyuki kirahisi kuingia kwenye mizizi. Mtu wa bustani anapaswa kulijua hilo kabla ya kununua mche wowote. Shaba iliyozidi hufupisha mizizi na kuyafanya majani kuwa ya njano kana kwamba mmea una njaa, na mwenye bustani akidhani ni njaa huongeza mbolea, na mbolea haisaidii.

Njiani.

Likasi nimekaa usiku mmoja tu. Ni mji wa vilima, uliitwa Jadotville hadi 1966, na bustani zake zina faida ya miinuko: maji ya mvua hayasimami. Nimeona tao moja la kupendeza, la mabomba ya chuma yaliyopindwa, lililobeba alamanda ya njano. Alamanda ina majani yanayong'aa, vumbi halikai juu yake, ukiimwagia ndoo moja imetakata. Lakini utomvu wake ni sumu, unawasha ngozi na kuumiza tumbo, na nyumba hiyo ilikuwa na watoto wadogo wanaochuma maua yake na kuyavaa vidoleni. Nilimwambia mama mwenye nyumba. Alishukuru, akasema alikuwa anajua mbwa hawaigusi, hakujua kwa nini.

Kutoka hapo barabara ni ya malori. Yanayotoka Kolwezi yamebeba shaba iliyokwisha kusafishwa, mabamba kwa mabamba, kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Yanayorudi yana salfa na tindikali za viwandani. Kila lori linaacha vumbi, na miti iliyo karibu na barabara imekuwa ya rangi moja na ardhi. Nilianza kuitazama mimea kwa jicho hilo: ipi inabeba vumbi na ipi inalitupa. Bugenvilia ina majani laini yenye vinywele, hulishika. Mimea yenye majani ya kung'aa huliacha liteleze.

Karibu na Fungurume kuna vilima visivyo na miti. Pande zote ni msitu wa miombo, kisha ghafla kilima kipara chenye nyasi. Mgeni angedhani watu wamekata kuni. Sivyo. Miti imeshindwa na shaba iliyo ardhini, na mahali pake yameota majani madogo yaliyojifunza kuishi nayo. Mojawapo ni Haumaniastrum katangense, mmea mfupi wa jamii ya mrihani, ambao kwa Kifaransa uliitwa ua la shaba. Unapenda udongo wenye shaba kiasi kwamba watafuta madini waliufuata, na wataalamu wa mambo ya kale nao waliufuata, kwa sababu huota hata pale mafundi wa zamani walipoyeyusha shaba yao kabla ya wazungu kufika, wakaacha makaa na masalia ya madini. Ua hilo halitambai wala halifai taoni, nami sishauri mtu aling'oe, maana baadhi ya mimea ya vilima hivi haioti mahali pengine duniani na migodi inavimaliza vilima vyenyewe. Lakini lilinifundisha kutazama kilichoota chenyewe kwenye kiwanja kabla ya kushika jembe. Kiwanja chenye magugu marefu ya kawaida, kama mnafu, ni kiwanja salama. Kiwanja ambacho magugu yenyewe yanakikwepa kina sababu yake.

Pwani tunayo hadithi yetu ya ardhi iliyochimbwa. Bamburi, karibu na Mombasa, kiwanda cha saruji kiliacha shimo la mawe ya matumbawe lisilo na udongo, na 1971 René Haller akaanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26 na zikapona tatu, mvinje ukiwa kinara. Leo ni msitu ambamo watoto wa shule hutembezwa. Nimewahi kuutaja kama dawa ya kila mgodi, na watu wengi wa kwetu huutaja hivyo. Vilima vya Fungurume vimenifanya nisiseme hivyo tena. Bamburi palikosekana udongo, lakini jiwe lenyewe lilikuwa chokaa, halikuwa na sumu. Hapa udongo upo, tena mwekundu wa kuvutia, na ndani yake kuna kitu ambacho mvinje hauwezi kukila.

Kolwezi, Manika.

"Jambo sana, Papa, karibu." Mama alikuwa langoni. Lupango lake ni kiwanja cha kawaida cha mtaa huu: ukuta wa matofali ya kuchoma, lango la bati la kijani, njia ya hatua kumi na kitu hadi barazani, muembe upande mmoja, bomba la maji karibu na jiko. Hakuna vipara. Magugu yameota hadi mguu wa ukuta, na alikuwa ameyaacha makusudi nilipomwomba kwa simu.

Kolwezi iko juu zaidi ya mita 1,400. Nairobi, iliyo kwenye mita 1,660 hivi, inaizidi kidogo tu, na kwa hiyo mtu angetegemea bustani zifanane: bugenvilia za Nairobi zihamie hapa na mambo yaishe. Zinahamia, lakini si kwa masharti yale yale. Nairobi ina misimu miwili ya mvua. Kolwezi ina mmoja, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, kisha miezi mitano ambayo tone halianguki. Usiku wa Juni na Julai baridi huuma, na katika mabonde yenye majimaji ambayo huku huitwa dembo joto linaweza kushuka karibu na kuganda. Asumini yetu ya Zanzibar, ile ya kikuba, itaona taabu hapa. Nilimwambia mama mapema kwa sababu nilijua angeitaja, na aliitaja.

Jua nalo lina njia yake. Mombasa na Nairobi ziko karibu na ikweta, hatuna desturi ya kuuliza jua limekaa upande gani. Kolwezi iko karibu nyuzi 11 kusini, na mwezi Juni jua la saa sita mchana limeinama wazi upande wa kaskazini. Mguu wa tao ulio kusini hukaa kwenye kivuli cha mwenzake na cha ukuta kwa sehemu kubwa ya kiangazi, na wakati huo ndio bugenvilia inapotaka jua la kutwa. Njia ya mama inatoka kaskazini kwenda kusini, kwa hiyo miguu ya tao itasimama mashariki na magharibi, mmoja ukipata jua la asubuhi na mwingine la alasiri. Imetokea tu hivyo, na ni bahati nzuri. Mwenye njia inayoelekea mashariki na magharibi apande upande wa kaskazini peke yake, aache mmea uvuke juu wenyewe.

Nilikuwa tayari nimechora tao la zege kwenye daftari. Nguzo mbili kila upande, dari ya mihimili, kama vipenu vya Lubumbashi. Mama aliutazama mchoro kwa muda, akasema: "Lupango niko nayo, Papa. Kwa miaka ngapi, Mungu njo anajua."

Ilibidi niufunge mchoro. Kolwezi ilianzishwa 1937 na kampuni ya madini ya Union Minière kuwa makao ya migodi ya magharibi, na mji umelala juu ya madini yenyewe. Kasulo, mtaa wa nyumba za watu, wenyeji waligundua kobalti chini ya sakafu zao, wakaanza kuchimba ndani ya vyumba na nyuma ya vyoo. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa huo ilizungushiwa ukuta ikafanywa eneo la uchimbaji, na mamia ya familia zikahamishwa. Cité Gécamines, mtaa uliojengwa kwa wafanyakazi wa kampuni ya taifa, mgodi wa wazi umesogea hadi mlangoni. Septemba 2023 Amnesty International na shirika la Kongo la IBGDH walichapisha ripoti juu ya watu wanaoondolewa huko na mahali pengine karibu na Kolwezi, na fidia isiyotosha kununua nyumba inayolingana na waliyoiacha. Dada yake mama aliishi mtaa mwingine, karibu na mgodi mwingine. Siku moja alama ya rangi ilichorwa ukutani kwake. Alikuwa na kipenu cha zege na mmarakuja uliozaa miaka mingi. Wathamini walihesabu vyumba, wakahesabu miembe. Zege la bustani halikuingia kwenye karatasi.

Nimesikia watu wenye akili wakisema kwamba katika mji wa namna hii kupanda maua ni kupoteza nguvu. Siwaungi mkono hata kidogo. Mtu anayekaa miaka kumi nyumbani bila kupanda kitu kwa kuogopa kuhamishwa ameshahamishwa miaka yote kumi. Kinachobadilika ni namna ya kuchagua. Hapa tao liwe linalofunguka, na mmea uwe unaozaliwa upya kwa kipande cha tawi. Vigezo vingine vyote, uzuri, bei, kivuli, vinakuja baada ya hivyo viwili.

Kwa fundi wa kuchomelea.

Karakana iko kando ya barabara kuu, na fundi amezoea kutengeneza malango, vizuizi vya madirisha na fremu za kubebea magunia. Tao la bustani alikuwa hajawahi kuagizwa, ila ameshatengeneza mengi ya harusi, yale ya kufungwa maua ya plastiki ukumbini. Tulianza na hilo, na hapo ndipo tulipopishana naye kwanza. Tao la harusi linabeba kilo chache kwa siku moja. Bugenvilia ya miaka mitano iliyolowa mvua ya Januari ni uzito wa watu wawili au watatu, na upepo unaotangulia mvua za huku unaisukuma kama tanga. Nondo nyembamba za harusi zingepinda mwaka wa pili.

Tulikubaliana hivi. Pande mbili, kila upande una nguzo mbili za bomba la duara la inchi moja na nusu, zimeunganishwa kwa vipande vya nondo ya milimita 12 kila baada ya sentimita 30, kwa umbo la ngazi. Juu ni upinde wa vipande viwili vinavyokutana katikati. Upana wa ndani mita 1.5, ili watu wawili wapite bega kwa bega na miiba isiwakwaruze, maana matawi hula sentimita 15 kila upande. Kimo mita 2.4, kwa kuwa maua yananing'inia na mama ana wana warefu. Kina cha tao, yaani kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, sentimita 60. Fundi alitaka 30 kuokoa chuma. Tao la kina cha 30 huonekana kama fremu ya mlango uliosahaulika, halina ndani. Sentimita 60 mtu anapita chini ya kitu.

Vipande vikubwa vyote vinashikwa kwa bolti, si kwa kuchomelewa. Nguzo haziingii kwenye zege moja kwa moja: zinaingia ndani ya vipande vya bomba pana kidogo, vyenye urefu wa sentimita 50, ambavyo ndivyo vinavyozikwa kwa zege. Siku ya kuhama unafungua bolti mbili kila mguu, unanyanyua, unapakia. Kinachobaki ardhini ni vipande vinne vya bomba na ndoo kadhaa za zege. Hatari ya mtindo huu ni maji kutuama ndani ya bomba la chini na kuiozesha nguzo pale pale pasipoonekana, kwa hiyo chini ya kila bomba tunaacha kokoto badala ya zege, maji yapenye, na mdomo wa juu unazibwa kwa lami. Mabomba ya mabati yakichomelewa nondo zake huungua ile ngozi ya zinki pale penye moto, na kutu huanzia hapo. Fundi aliahidi kupiga msasa kila kiungo na kukipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi ya juu. Nilisimama nikaona kiungo cha kwanza kikipakwa.

Alinipa pia waya wa shaba wa kufungia matawi, kwa heshima, kwamba Kolwezi ni nyumbani kwa shaba. Niliukataa kwa upole. Waya mwembamba wa aina yoyote hukata gome tawi likinenepa, na waya za shaba zinazouzwa barabarani huenda zimetoka kwenye nguzo ya umeme ya mtu. Kamba ya katani inatosha. Inaoza baada ya mwaka mmoja au miwili, na huo ni wema wake, kwa sababu tawi halinyongwi.

Mmea.

Hapa nilikuwa na majina mengi kuliko nafasi. Thunbergia grandiflora ya India, ya buluu na kubwa, niliifuta kwanza: inakua kwa fujo, mizizi yake ina viazi visivyong'oka, na jirani hatakushukuru. Pyrostegia niliyoipenda Lubumbashi ina vikono vinavyojishika vyenyewe, haihitaji kufungwa, na inachanua katikati ya kiangazi wakati kila kitu ni kahawia. Lakini ni mmea wa ukuta na paa. Juu ya tao la mita 2.4 huwa kichaka, na anayeishi chini yake hatakoma kukata. Waridi la kutambaa mama alilitaja kwa mapenzi, kwani shule ya masista alikosomea ilikuwa nalo. Linawezekana kwenye mwinuko huu, ila mvua za Desemba hadi Machi huleta madoa meusi majani yote yakaanguka, na dawa za kupulizia ni gharama ya kila mwezi. Karakara, yaani marakuja, ndiyo iliyonitia kwenye majaribu. Ile ya zambarau inapenda nyanda za juu kama hizi, huzaa ndani ya mwaka mmoja na nusu hivi, ua lake ni la ajabu, na kwa mtu asiyejua muda wake mahali, tunda la haraka ni hoja nzito. Tatizo ni maji. Marakuja hutaka unyevu kiangazi kizima, na bugenvilia ukiinywesha hivyo inaota majani tu. Haziwezi kushiriki tao moja. Tukaamua marakuja ipate seng'enge yake kwenye ukuta wa jikoni, karibu na bomba, inywe maji ya kusuuzia vyombo, na tao liachiwe bugenvilia.

Bugenvilia ina jina la nahodha Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville, kwa kuwa mtaalamu wa mimea wa msafara wake, Philibert Commerson, aliikuta Brazili katika miaka ya 1760. Kile tunachokiita ua ni majani matatu membamba yaliyojaa rangi, na maua yenyewe ni vijineli vyeupe katikati. Ndiyo maana rangi hukaa wiki nyingi bila kunyauka. Udongo mkavu na jua kali huichochea ichanue, na hayo mawili Kolwezi inayo kwa wingi kuanzia Mei. Haina vikono wala mizizi ya kushikia. Inaegemea kwa miiba, kwa hiyo lazima mtu aifunge. Hapo ndipo watu wengi wanakosea: wanalifunga tawi limesimama wima kando ya nguzo, linakimbia hadi juu, na maua yote yanakwenda kilele, miguu ikibaki mitupu. Tawi lizungushwe nguzo polepole, karibu kulala, kutoka ngazi moja hadi nyingine. Kila kifundo cha tawi lililolazwa hutoa chipukizi, na kila chipukizi hutoa ua. Kupogoa ni baada ya maua kupungua, mvua zinapokaribia, wala si Machi, maana Machi unakata maua ya kiangazi kijacho.

Kisha ndiyo sababu iliyoyashinda yote mengine. Bugenvilia huota kwa tawi. Kipande cha unene wa penseli, urefu wa shibiri moja, kilichokomaa, kikichomekwa kwenye kopo la mchanga na mboji kivulini, huwa na mizizi baada ya miezi miwili au mitatu. Tumekata vipande kutoka kwa jirani mwenye mmea wa zamani, tukachomeka tisa, kwa kuwa si vyote vitashika. Vitaingia ardhini mvua ya Novemba ikishatulia. Na kila mwaka baada ya kupogoa, mama atachomeka viwili kwenye makopo na kuviweka barazani, iwe kuna habari ya mgodi au haipo. Kimoja tayari kimeahidiwa dada yake, ambaye sasa ana kiwanja kitupu nje ya mji.

Mashimo tumeyachimba mapema ili udongo upigwe jua, sentimita 60 kila upande, hatua moja fupi kutoka mguu wa nguzo ili mizizi isigombane na zege. Udongo wa juu umewekwa kando, ule mwekundu wa chini umetolewa. Mahali pake tumechanganya samadi iliyooza na udongo wa kichuguu. Vichuguu vya Katanga ni virefu kuliko nyumba, watu huvichimba kufyatua matofali, na udongo wake una mfinyanzi na chokaa nyingi kuliko ardhi inayovizunguka. Kwa mimea ya eneo lenye shaba hiyo ni dawa ya bei nafuu kuliko ya dukani. Mchanga wa mabaki ya migodi, unaouzwa kwa mikokoteni kwa ajili ya ujenzi, usikaribie bustani hata kwa kujazia njia.

Msimu wa kwanza tao litakuwa chuma tupu, nalo linakera macho. Tutapanda miguuni mbegu za Thunbergia alata, mmea mwembamba wa Afrika Mashariki wenye ua la chungwa na jicho jeusi, ambao hupanda nondo ndani ya mvua moja na kukauka mvua zikiisha, ukiiachia bugenvilia nafasi. Kulikuwa na mtu aliyependekeza Gloriosa, ua jekundu na njano linaloota lenyewe miombo ya huku na kushika matawi kwa ncha za majani yake. Ni zuri kuliko yote niliyoyataja. Lakini kiazi chake kinaua, na kwenye lupango ambako wajukuu wanachimba mashimo sikukubali.

Ilibaki rangi. Mimi nilipenda nyeupe, maana nimeiona ikiwaka usiku Mombasa chini ya taa moja tu. Mama aliniachia niseme hadi mwisho, kisha akanipeleka nje ya lango, akanionyesha bugenvilia nyeupe ya nyumba ya tatu. Ilikuwa na rangi ya barabara. Vumbi la Kolwezi ni jekundu, mvua ya kuliosha iko mbali, na maji ya bomba hayatoki kila siku. Tumechukua vipande vya ile ya zambarau iliyokolea.